Sikusikii, au Hutaki Kunisikia?

Kuna sentensi moja ya Kiswahili ambayo ningekuwa na uwezo ningeipiga marufuku kwenye kila dirisha la ofisi kuanzia Likoni hadi Kisauni: "Ongea vizuri, sikusikii." Haisemwi na mtu mwenye shida ya masikio. Husemwa na mtu aliyekaa, nyuma ya kioo, akimwambia mtu aliyesimama. Umewahi kusikia aliyesimama akimwambia aliyekaa aongee vizuri? Mimi bado. Aliyesimama akikosa kusikia huinamisha kichwa, hulisogeza sikio karibu na kile kitundu cha kioo, huomba radhi. Kazi ya kusikia anaifanya yeye. Aliyekaa anangoja maneno yamfikie yakiwa yamepigwa pasi.

Hoja yangu naitoa mapema, asiyeitaka aende zake. Kusikia lugha ni kazi. Sio kitu kinachokuangukia tu kama mvua. Kazi hiyo ina ujuzi wake na ina uvivu wake, na sisi huku tumekubaliana kimya kimya kwamba yote aifanye mnyonge.

Tuanze na sikio lenyewe, manake wengi wetu tunadhani ni maikrofoni: sauti inaingia, maneno yanatoka. Sivyo. Sauti hugonga ngoma ya sikio, ikapita kwenye vifupa vitatu vidogo mno, ikafika kwenye kijumba kilichojisokota kama konokono, kimejaa majimaji. Humo ndani mna chembe zenye vinywele, kama 15,000 hivi kwa kila sikio. Za karibu na mlango hushika sauti nyembamba, za ndani kabisa hushika sauti nzito. Georg von Békésy, aliyeonyesha jinsi wimbi linavyosafiri ndani ya konokono huyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Lakini kinachotoka humo kuelekea kwenye ubongo bado sio neno. Ni kelele iliyopangwa vizuri.

Maneno yanatengenezwa baadaye, na mengi yanatengenezwa kwa kubashiri. Chukua jambo dogo: nafasi kati ya maneno. Kwenye karatasi ipo. Mdomoni haipo. Makanga wa Changamwe akiita "ChangamweMagongoMikindani" ni uzi mmoja mrefu usio na fundo, na bado wewe mwenyeji unasikia vituo vitatu. Mgeni anasikia mtu anapiga kelele. Ndio sababu lugha usiyoijua huonekana inasemwa mbio mbio. Wanaoisema hawana haraka yoyote. Wewe ndiye huna pa kukatia.

Sikio la Kiswahili lina mbinu zake za kukata. Linangoja mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, likiupata linajua neno linakaribia kuisha. (Ndio maana "barabara" ya magari na "barabara" ya kusema sawasawa hazichanganyiki mdomoni, ingawa kwenye karatasi ni mapacha.) Linategemea pia ngeli. Uko kwenye feri ya Likoni, dada yako anakwambia, "Ukifika niletee vile vi..." na honi inalia. Neno limezama. Lakini tayari unajua hataki sufuria wala mwiko. Ni vikombe, vijiko, visu, mojawapo, na kama jana mlikuwa na wageni basi ni vikombe. Hukusikia, lakini ukiulizwa baadaye utaapa umesikia.

Hilo la kuapa sio utani. Mwaka 1970 mtafiti wa Marekani, Richard Warren, alichukua sentensi iliyorekodiwa, akafuta kabisa sauti moja katikati ya neno, akaweka kikohozi mahali pake. Akawasikilizisha watu 20. Kumi na tisa walisema hakuna sauti yoyote iliyokosekana, na yule mmoja aliyesema ipo akaonyesha pengine. Isitoshe, hawakuweza kusema kikohozi kilikuwa wapi hasa. Ubongo uliziba pengo na haukumwambia mwenyewe.

Basi shika hilo, halafu twende hospitalini.

Nyanyangu alizaliwa Mji wa Kale, akahamia Kisauni alipoolewa. Kiswahili chake ni Kimvita cha wazee. Macho kwake ni mato, mchele ni mtele, kucheka ni kuteka. Siku moja nilimpeleka hospitali moja, nikamwacha kwenye foleni nikaenda kutafuta fotokopi ya kitambulisho. Zamu yake ikafika, akasema, "Mato yanilemea, mwanangu." Kwa waliokuwa nyuma yake nikapata habari kwamba yule dada wa dirishani aliuliza, "Matokeo gani, shosho?" Nyanya akarudia: mato. Yule dada akasema aongee vizuri, kisha akamwonyesha kidole dirisha la maabara. Nilimkuta kwenye foleni ya kuchukua matokeo ya vipimo ambavyo hajawahi kupimwa. Karibu saa nzima.

Sasa usiniambie yule dada ni mjinga. Alifanya kile kile walichofanya wale watu wa Warren. Amekaa mahali ambapo watu mia kwa siku wanaulizia matokeo, akasikia "mato", ubongo ukaziba pengo, naye akaapa amesikia. Kubashiri sio kosa, bila kubashiri hakuna anayesikia lugha yoyote. Kosa langu naye linaanza pale aliporudiwa. Neno lile lile lilikuja mara ya pili, wazi, bila "-keo", na badala ya kuuliza kama kuna neno asilolijua, akaamua hitilafu iko mdomoni mwa mtu mwenye umri wa nyanya yake.

Na mdomo wa nyanya hauna hitilafu. Ukitaka kujua una nini, tamka "kaa" mbele ya Mmvita mzee, kiganja chako kiwe mbele ya midomo. Kuna kaa la moto na kuna kaa wa mikokoni anayetembea upande upande. Kwenye kitabu yameandikwa sawa. Kwake ni maneno mawili: la moto halina pumzi, wa mikokoni ana pumzi inayogonga kiganja baada ya "k". Paa la nyumba halina pumzi, paa wa porini anayo. Tofauti yenyewe ni muda kati ya kuachia mdomo na koo kuanza kunguruma, muda usiofika hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Halafu kuna "t" mbili. Ulimi ukiegemea meno, kuteka ni kucheka. Ukirudi nyuma kwenye ufizi, kuteka ni kuteka maji kisimani. Mtu wa Kimvita hawezi kuchanganya hizi, kama vile wewe huwezi kuchanganya "pata" na "bata".

Mmisionari William Taylor alizisikia. Kwenye kitabu chake cha methali cha 1891 alihangaika kuziwekea alama, na alizisikia kwa sababu alikaa miguuni pa watu wa Mombasa, mmoja wao Mwalimu Sikujua, ambaye ndiye aliyemkusanyia mashairi ya Muyaka. Muyaka alifariki karibu mwaka 1840. Mashairi yalikaa miaka arubaini na zaidi kwenye vinywa na masikio ya watu kabla ya kupata karatasi ya Taylor. Hayo ndiyo masikio ya mji huu.

Kisha mwaka 1928 wakubwa wakakutana, tena hapa hapa Mombasa, kuchagua lahaja moja ya vitabu na shule za Afrika Mashariki. Ikachaguliwa Kiunguja. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuisimamia. Sina ugomvi na Kiswahili sanifu, ndicho ninachokuandikia sasa hivi, na bila hicho mtu wa Bukavu na mtu wa Kisauni wasingesoma gazeti moja. Lakini ule mkutano ulichagua tahajia. Haukupigia kura masikio. Ni sisi wenyewe baadaye tuliogeuza makubaliano ya kalamu kuwa amri ya sikio, hadi mtoto wa Kimvita anaambiwa darasani "t" yake ni mbovu, na mwalimu anayemwambia haisikii hiyo tofauti anayoikosoa.

Haisikii kweli, hapa simsingizii. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees kule Kanada waliwapima watoto wachanga wa nyumba za Kiingereza kwa "t" mbili za Kihindi, moja ya meno na nyingine ya nyuma yake, karibu sana na hizi zetu. Watoto wa miezi sita hadi minane walizitofautisha vizuri. Wa miezi kumi hadi kumi na miwili, wengi wao tayari walikuwa hawawezi. Kabla mtoto hajatimiza mwaka, sikio lishapiga hesabu: nyumbani kwetu tofauti hii haina faida, iache. Kila mmoja wetu ana sikio lililofunga milango fulani kabla hajajua kutembea.

Na hapa nawageukia ndugu zangu wa Pwani, manake nawaona mnavyotikisa kichwa kwa raha.

Sisi ndio mabingwa wa kucheka. Mkikuyu akisema "kurara" tunaanguka. Mjaluo akisema "samba" akimaanisha shamba, baraza zima linalipuka. Wachekeshaji wamejengea nyumba juu ya "r" na "l" za watu. Haya, sikiza. Kikuyu hakitenganishi "r" na "l", kwa hivyo sikio la mtoto wa Kikuyu liliufunga mlango huo kwa hesabu ile ile. Lakini Kikuyu kina irabu saba. Wewe unayejiita mwenye lugha una tano. Mkikuyu akikutamkia "u" zake mbili, wewe unasikia moja, na ukijaribu kuzirudia unamvunja mbavu. Kijaluo kinabadilisha maana kwa kupandisha na kushusha sauti, jambo ambalo Kiswahili hakilijui. Tungekuwa tumezaliwa Siaya sisi ndio tungekuwa kichekesho.

Changamwe pale, kwenye zile nyumba za karibu na reli na bandari, Mkamba, Mluhya, Mjaluo, Mtaita na Mmijikenda wameishi ukuta kwa ukuta vizazi kadhaa. Watoto wao wanasikia lafudhi sita kabla ya chai ya asubuhi. Ukitaka watu wenye masikio hodari nchi hii, usiende kwa wenye Kiswahili kitamu. Nenda kwa mama muuza mahamri wa Changamwe. Hajawahi kumwambia mteja aongee vizuri. Akimwambia, mteja ataenda kwa jirani.

Unaona sasa jambo linakoelekea. Mama wa mahamri na yule wa dirishani wana masikio ya aina moja, konokono yule yule, vinywele vile vile. Tofauti ni kwamba mmoja akikosa kusikia analala njaa, na mwingine akikosa kusikia anayelala njaa ni mwingine.

Najua utetezi utakuja: "Lakini kweli siwasikii, lafudhi zao ni nzito." Nina majibu mawili.

La kwanza, huenda unasikia kwa macho. Mwaka 1992 Donald Rubin aliwachezea wanafunzi wa chuo Marekani rekodi moja ya mhadhara, sauti ya mwanamke Mmarekani. Kundi moja lilionyeshwa picha ya mwanamke mzungu, lingine picha ya mwanamke mwenye sura ya Kiasia. Rekodi ni moja! Walioona sura ya Kiasia walisikia lafudhi ambayo haikuwepo, na walipojaribiwa walikuwa wameelewa kidogo zaidi. Ule ugumu waliuleta wenyewe darasani, na wakamlaumu msemaji. Basi mtu akiingia ofisini na leso mbili na kandambili, mkalimani wa kwanza ni zile kandambili.

Jibu la pili ndilo linaloniuma zaidi. Hata lafudhi ikiwa ngeni kweli, sikio linaizoea, na halichukui mwaka. Constance Clarke na Merrill Garrett walichapisha utafiti mwaka 2004: watu wa Kiingereza wakisikiliza Kiingereza cha lafudhi ya Kihispania au ya Kichina, mwanzoni walichelewa kuelewa, kisha wakaanza kushika. Walihitaji chini ya dakika moja. Sentensi chache tu.

Dakika moja, wallahi.

Mimi hili nililijua kabla sijalisoma popote. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, karo ilinishinda, na tangu hapo ninakula kwa kuandika na kwa kunakili sauti: unatumiwa mahojiano ya watu wa ng'ambo, unayaandika neno kwa neno, unalipwa kwa dakika ya sauti. Mtu wa Glasgow akifungua kinywa, sekunde za kwanza ni ukuta mtupu. Unarudisha nyuma, unarudisha tena. Halafu kitu kinafunguka, unajua "r" yake inakaa wapi, na dakika ya pili unaandika bila kusimama. Hakuna anayeniambia nimwambie mzee wa Glasgow aongee vizuri. Ningethubutu, kazi ingeenda kwa mwingine. Lakini kampuni fulani niliyoifanyia kazi ilikuwa na alama ya "lafudhi nzito" ya kubandika kwenye rekodi, na nilikuja kuona inabandikwa kwa Mnaijeria na kwa Mhindi. Texas haikuwahi kuwa na lafudhi.

Usidhani mashine zitatuokoa. Mwaka 2020 Allison Koenecke na wenzake walipima mifumo ya kugeuza sauti kuwa maandishi ya kampuni tano kubwa: Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Kwa wazungu wa Marekani mifumo ilikosea kama maneno 19 kwa kila 100, kwa Wamarekani weusi 35. Mashine nayo ilikulia nyumba fulani, ikafunga milango fulani. Ikiwa huko kwenye Kiingereza cha matrilioni ndivyo, niambie itamsikiaje mzee wa Mtongwe anayechanganya Kidigo na Kiswahili sentensi moja. Halafu kesho watatuwekea mashine hiyo hiyo kupokea simu za hospitali, nayo itasema kwa sauti tamu kabisa: samahani, sijakusikia, tafadhali ongea vizuri.

Sheria kwa upande wake haina shida. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Haikuandika "Kiswahili cha watangazaji". Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Zuri sana. Lakini hakuna mkalimani wa Kiswahili kwenda Kiswahili. Ukisimama mbele ya meza na Kimvita chako, na anayeandika anasikia Kiswahili cha bara, kinachoingia kwenye faili ni alichobashiri yeye. Jina lako likikosewa herufi moja siku ya cheti cha kuzaliwa, utatembea na kosa la sikio la mtu hadi siku ya kitambulisho, na huku Pwani unajua siku ya kitambulisho ilivyo: maswali ya babu yako alizaliwa wapi, mashahidi, rudi Jumatatu. Nina rafiki ambaye jina lake lina tahajia tatu kwenye karatasi tatu, na anaambiwa athibitishe kwamba yeye ni yeye.

"Foleni ni ndefu," watasema. Najua ni ndefu, nimesimama humo. Inarefushwa na watu waliotumwa dirisha lisilo lao. Wengine watasema wazee wajifunze Kiswahili sanifu. Mtu wa miaka themanini abadilishe ulimi ili kijana wa miaka ishirini na nane asisumbue sikio kwa sekunde hamsini?

Ninachotaka ni kidogo hata aibu kukisema. Mwalimu, muuguzi, karani wa mahakama akipangiwa kazi Mombasa kutoka kwingine, hupewa barua, hupewa meza, wengine hupewa hata semina ya siku tatu hotelini. Mpeni na saa moja ya sauti za watu atakaowahudumia. Mmvita mzee, Mdigo wa Likoni, Mgiriama wa Kisauni, fundi wa Kikamba wa Changamwe, wanazungumza tu, kuhusu maumivu, kuhusu mashamba, kuhusu majina ya watoto wao. Na wa Pwani akipelekwa Kisii au Lodwar, apewe za huko. Pale dirishani, badala ya "ongea vizuri", kuna maneno mengine yanapatikana: "Rudia tena, nyanya, sikio langu bado halijazoea." Hayana gharama, hayahitaji bajeti ya kaunti.

Rekodi zenyewe sio kazi. Simu yoyote inatosha. Wazee wako tele Mtongwe, baada ya Alasiri, kwenye baraza chini ya mwembe, na kwa kuzungumza hawajambo.